Fundi wa Arusha aliyetaka kuformati laptopu kwa sababu ya mstari mmoja

Nyota mbili. Huenda nikashuka hadi moja nikifika mwisho, maana hasira haijaisha.

Laptopu ilipelekwa kwa fundi mmoja karibu na Stendi Ndogo majuzi. Kazi mbili: abadilishe betri, na aweke Linux (mfumo wa kuendesha kompyuta, kama Windows) ikae kwa Kiswahili, kwa sababu mtu atakayeitumia hataki Kiingereza. Betri kaweka vizuri, sina neno. Kiswahili ndicho kilichotugombanisha. Unachagua Kiswahili (Tanzania) kwenye dirisha la mipangilio, unatoka, unaingia tena, na menyu zote zimerudi Kiingereza. Nikamrudishia. Jibu lake: "Dada, Kiswahili Linux hakishiki. Toa elfu ishirini nikupigie Windows, tuachane na haya mambo." Kisha akafungua terminali (dirisha la kuandikia amri), akaandika locale, amri ya kuonyesha lugha, ikatokea sw_TZ, yaani Kiswahili cha Tanzania, akaniuliza kwa dharau kama naona au sioni.

Naona, kaka. Naona pia ulichofanya. Umeweka export LANG=sw_TZ.UTF-8 ndani ya ~/.bashrc. Faili hilo husomwa na bash, programu inayopokea amri zako, unapofungua terminali. Menyu, kidhibiti mafaili na paneli vimeshawashwa kabla yake, wala havilisomi. Ndiyo maana terminali inadai ni Kiswahili na skrini nzima inasema File, Edit, View. Anayetaka ukweli asiulize terminali, aulize hivi:

systemctl --user show-environment | grep -E 'LANG|LC_'

Hapo utaona lugha ambayo programu zako zilikabidhiwa ulipoingia. Kwangu ilitoka en_US.

La pili linauma zaidi: lokali yenyewe (mipangilio ya lugha na nchi) haikuwepo kwenye mashine. locale -a | grep sw haikutoa kitu. Alitaja jina la kitu ambacho hakijatengenezwa, ndiyo maana amri ya locale ilikuwa inalalamika "Cannot set LC_ALL to default locale", na yeye akayaona malalamiko hayo akayapita. Kwenye Linux za jamii ya Debian, kama Ubuntu, unafungua /etc/locale.gen kwa sudo (yaani kwa mamlaka ya msimamizi), unatafuta mstari wa sw_TZ UTF-8 (umeandikwa hivyo, bila nukta katikati, msiutafute kwa sura nyingine), unafuta alama ya # mwanzoni, kisha unaendesha sudo locale-gen. Halafu sudo update-locale LANG=sw_TZ.UTF-8. Wenye Fedora, aina nyingine ya Linux, wasakinishe glibc-langpack-sw, kisha sudo localectl set-locale LANG=sw_TZ.UTF-8. Ni kazi ya dakika chache. Elfu ishirini ya nini?

Ila hapo bado, na hapa naanza kumwonea fundi huruma kidogo, maana Linux yenyewe ina ukorofi wake. Lugha ya mfumo mzima ni chaguo la mwisho tu. Ya mtumiaji huishinda. Kwenye GNOME (programu inayochora menyu na madirisha) na ndugu zake angalia /var/lib/AccountsService/users/ kisha jina lako la kuingilia. Ukikuta Language=en_US.UTF-8, umempata mwizi. Badilisha, na kama kuna mstari wa FormatsLocale ubadilishe pia, kisha papo hapo sudo systemctl restart accounts-daemon, la sivyo huduma hiyo inaweza kukurudishia ya zamani iliyoishika kwenye kumbukumbu. Wa KDE, mshindani wa GNOME, waangalie ~/.config/plasma-localerc.

Kisha mabaki. Kompyuta iliyopita mikono mingi huwa na ~/.pam_environment ya kale, au LC_ALL iliyosahauliwa ndani ya ~/.profile. LC_ALL ikiwepo popote, kila LANG na LC_ nyingine ni kelele tu. Ifute.

Kuna dalili moja inayookoa muda mwingi: kalenda inasema Jumatatu lakini menyu ziko Kiingereza. Hapo mara nyingi si LANG tena, ni LANGUAGE. Kwa maneno ya menyu LANGUAGE husomwa kwanza, na mara nyingi imebaki kuwa en. Weka LANGUAGE=sw:en, maana yake Kiswahili kwanza, kisipopatikana Kiingereza.

Na ukishamaliza, usitoke na kuingia haraka haraka. Systemd, programu inayowasha huduma za Linux, humwacha msimamizi wa mtumiaji (anayezishika huduma zako) hai kwa sekunde 10 baada ya kutoka, na ukirudi kabla hajafa unapewa mazingira yale yale ya zamani. Ukiwa umeingia pia kwa ssh (kutoka kompyuta nyingine), au umewasha linger (inayomwacha hai hata ukitoka), hafi kabisa. Zima na kuwasha. Nina hakika mafundi wengi wamepatia marekebisho, wakaingia upesi, wakaona Kiingereza, wakayafuta.

Sasa, kwa haki: hata kila kitu kikikaa sawa, baadhi ya programu zitabaki Kiingereza kwa sababu hakuna aliyezitafsiri. Tazama /usr/share/locale/sw/LC_MESSAGES/, na kwa Ubuntu /usr/share/locale-langpack/sw pia. Programu inayotegemea faili la tafsiri la .mo, ikikosa lake huko, haitageuka hata uisomee dua. Kama fundi angeniambia hivyo, ningempa nyota nne na chai juu. Hakusema hivyo. Alisema hakishiki, katika nchi ambayo mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004!

Basi nyota moja. Hapana, betri kweli inakaa na chaji, na bei yake ilikuwa ya haki. Mbili zibaki. Mpelekeeni betri, skrini na chaji. Akianza kutaja kuformati, chukueni mashine yenu, na mkifika nyumbani fungueni ~/.bashrc mfute mstari wake, maana usipofutwa terminali itaendelea kuwadanganya hata siku mtakapotaka kurudi Kiingereza.