Dawa ya kuongeza kwenye kulanti: nimeipima kwenye GX100 yangu, majibu ndo haya

Wakuu, hii kitu nimeulizwa mara nyingi sana na watu wanaojua gari yangu ilikuwa inachemsha, kwa hiyo naandika mara moja ieleweke. Naongelea ile chupa ndogo ya dawa unayomimina kwenye rejeta ili injini ipoe, sio kulanti yenyewe (ile ya rangi inayochanganywa na maji ya rejeta), ni nyongeza juu ya kulanti. Nimetumia chupa mbili na joto nimelipima kabla na baada. Jibu langu: kama gari yako ya zamani inachemsha usianze na hiyo chupa, itakula hela na ugonjwa utabaki pale pale. Ina kazi yake na ntaieleza, ila sio ile wanayokuambia dukani.

Gari ni Toyota Mark II GX100 ya 1998, injini 1G-FE, silinda sita. Mwezi wa 12 nilikuwa naenda nayo Iringa na familia, watu watano na mizigo buti limejaa, AC inapiga. Mpaka Mikumi hamna shida yoyote, Ruaha Mbuyuni lile joto la pale mnalijua, tukanunua vitunguu tukaendelea, sasa tunaanza kupanda mlima Kitonga tukakwama nyuma ya semitrela, gia ya pili, spidi haifiki 20, injini inavuma tu, nikaona mshale wa temperecha umetoka katikati unapanda. Nikazima AC, nikafungua hita mpaka mwisho hivyo hivyo na joto lile, nikatafuta sehemu pana nikaegesha. Maji yanatokota kwenye kitanki cha akiba unayasikia kabisa. Mama yangu yupo siti ya nyuma, mtoto kamlalia mapajani, jua la saa nane, malori yanapita karibu yetu mpaka gari inatikisika. Tulikaa pale karibu saa nzima kusubiri ipoe. Siku ile ndo nilisema hili tatizo lazima nilimalize.

Nimerudi Dar nikaenda Gerezani kwenye duka moja la vilainishi, nikaeleza, jamaa hata hakuniuliza gari ina shida gani, kanyanyua chupa, "mimina hii bosi, digrii kumi zinashuka hapo hapo." Elfu 45. Jina la chupa silitaji na duka silitaji, mana nilichokiona hakihusu kampuni moja, ni aina nzima ya hizi dawa.

Inavyofanya kazi iko hivi, na kisayansi sio uongo. Maji yanapopita kwenye silinda hedi, yaani kichwa cha injini, sehemu zilizo karibu na moto yanachemka vipovu vidogo vidogo ukutani, hata kama mshale unaonyesha kila kitu kiko sawa. Kile kipovu kikiganda pale kwenye chuma kinakuwa kama blanketi, joto linashindwa kuingia kwenye maji. Dawa inapunguza ule mkazo wa uso wa maji, kama sabuni inavyofanya kwenye sahani yenye mafuta, kwa hiyo maji yanalowanisha chuma vizuri na vipovu vinabanduka haraka. Ndo mana watu wa mashindano ya magari wanaipenda. Kwenye viwanja vingi vya mbio kulanti ya glaikoli (ile kemikali kuu ya kulanti) hairuhusiwi kwa sababu ikimwagika lami inateleza vibaya, so wanaweka maji matupu na hizi dawa juu yake. Watengenezaji wenyewe wanasema inafanya kazi vizuri zaidi kwenye maji matupu kuliko kwenye maji yaliyochanganywa na kulanti. Hapo ulizia mafundi wangapi wanakwambia hicho kipande.

Sasa kupima. Mshale wa dashibodi usiutegemee, Toyota nyingi mshale umetengenezwa ukae katikati kwenye upana mkubwa wa joto, ukija kuuona unapanda ujue mambo yameshaharibika. Nikaazima kwa fundi ile bunduki ya kupima joto kwa mwanga. Mara ya kwanza nilipiga kwenye ile shingo ya alumini ambapo hozi ya juu ya rejeta inaingia kwenye injini, ikasoma 61, na mkono hauwezi kushika pale hata sekunde. Kumbe alumini inayong'aa inaidanganya bunduki. Nikabandika kipande cha utepe mweusi wa umeme pale kwenye shingo, nikapiga kwenye utepe, ikasoma 98. Kwa hiyo kama utapima, bandika utepe, bila hivyo utashangilia namba ya uongo.

Kila kipimo nilifanya jioni saa kumi, natoka Ubungo kwenda Kimara na foleni yake, nikifika naiacha injini inaunguruma robo saa, AC iko on, ndo napima, siku tatu tatu kwa kila hatua. Kulanti na maji nusu kwa nusu, bila dawa: 99, 98, 99. Nikamimina chupa ya kwanza: 98, 98, 97. Yaani digrii moja, ambayo hata upepo wa siku ile unaweza kuileta. Nikasema labda ni ile kulanti, nikamwaga yote nikasafisha, nikaweka maji safi yale ya betri, asidi hapana jamani, maji yasiyo na chumvi, na hapo sikuweka dawa kwanza: 97, 97, 96. Halafu chupa ya pili ndani ya hayo maji: 96, 95, 95.

Ona hapo. Zaidi ya nusu ya kilichoshuka kililetwa na maji yenyewe. Na haishangazi, kilo moja ya maji inabeba karibu kilojuli 4.2 kwa kila digrii, ukichanganya nusu kwa nusu na glaikoli inashuka kwenye 3.5 hivi. Kulanti haiwekwi kwa sababu inapoza kuliko maji, inawekwa izuie kutu, ipandishe kiwango cha kuchemka, na kwa wenzetu wa baridi isigande. Kwa hiyo dawa yenyewe imenipa digrii moja, labda moja na nusu, kwa elfu 90 ya chupa mbili. Zile kumi za dukani sijaziona.

Nikampelekea fundi gari na namba zangu nimeandika kwenye karatasi. Hakusoma hata. Kafungua boneti, injini imezimwa ila bado ya moto, akaniita, "bosi njoo uizungushe hii feni kwa mkono." Nikaisukuma kidole kimoja, ikazunguka mizunguko minne mitano yenyewe kama feni ya juu. Akasema hiyo ndo Kitonga yako. GX100 feni yake inaendeshwa na mkanda na katikati ina viskasi, yaani klachi ya feni, ndani kuna mafuta ya silikoni, hewa inayotoka kwenye rejeta ikiwa ya moto inatakiwa ikaze feni ivute upepo kweli. Ukiizungusha injini ikiwa ya moto unatakiwa usikie uzito, iende kidogo isimame. Yangu mafuta yalishavuja yakaisha, palikuwa na alama nyeusi yenye mavumbi mbele ya viskasi, niliiona miaka miwili nikidhani ni uchafu wa kawaida. Ukiwa spidi 80 huijui shida kwa sababu upepo wa barabarani unapoza, ukikaa kwenye foleni ya Kimara au nyuma ya lori Kitonga ndo inakuumbua. Na tafadhali hilo jaribio injini iwe imezimwa, usipeleke mkono inapozunguka.

Halafu akachukua bunduki ile ile akaipitisha kwenye rejeta kuanzia juu mpaka chini. Juu 90, katikati 84, kona ya chini kushoto 52. Mi nikafikiri 52 ni habari njema, kumbe hapo maji hayapiti kabisa, vijitundu vimeziba. Tukaipeleka kwa fundi wa rejeta, akafumua tanki la juu, ndani kuna ukoko wa rangi ya ugoro umekaa kwenye midomo ya vijitundu kama chumvi kwenye birika. Ni maji ya kisima haya. Dar visima vingi maji yake yana chumvi, na aliyekuwa na gari kabla yangu alikuwa anajazia hayo hayo kila ikipungua. Na mi nimewahi kujazia barabarani maji ya ndoo nisiyoyajua, nakiri.

Sasa fikiria ile dawa inafanyaje kazi hapo. Inasaidia joto litoke kwenye chuma liingie kwenye maji, sawa, lakini gari yangu joto lilikuwa linaingia kwenye maji vizuri tu, limeshindwa kutoka kwenye maji kwenda hewani. Feni haivuti, robo ya rejeta imeziba. Hakuna chupa inayomiminwa ndani ambayo itavuta upepo nje.

Gharama: viskasi used ya Japani elfu 70, kufungua na kuchokonoa rejeta elfu 40, kifuniko kipya cha rejeta elfu 12, kulanti nzito ya kuchanganya na maji elfu 35. Jumla 157,000. Bila tone la dawa, kipimo kile kile Kimara: 88, 87, 88. Digrii kumi na moja toka tulikoanzia. Na thamostati yangu, kile kilango kinachofunguka kwa joto maji yaende kwenye rejeta, inaanza kufunguka kwenye 82, kwa hiyo 88 ni afya, hapo hutakiwi kutaka ishuke zaidi. Hii watu hawaielewi, gari ikiwa nzima thamostati ndo inaamua joto, ukimimina dawa nzuri kiasi gani yenyewe itafunga kidogo tu ibaki pale pale.

Na hapo naomba niseme kwa uchungu, acheni kutoa thamostati. Gari nyingi za zamani hapa mjini hazina, fundi anang'oa anatupa anakwambia imepoa. Injini inakaa ya baridi muda mrefu, inakunywa mafuta, oili haifikii joto lake, na siku rejeta ikiziba bado itachemsha tu. Mpya haimalizi elfu 30.

Kifuniko nacho watu wanakidharau. Kile sio mfuniko wa sufuria, kinashika presha. Kimeandikwa 0.9 juu yake, kikiwa kizima maji ya usawa wa bahari yanachemka kwenye 118 hivi badala ya 100. Ukipanda juu kama Iringa mjini maji ya sufuria yanachemka kwenye 95 hivi, sasa mpira wa kifuniko ukiwa umekauka kama wangu, injini ya 99 unategemea nini.

Nani anunue hiyo dawa basi? Kama mfumo wako ni mzima na kwa sababu yoyote unatembelea maji matupu, nunua, tena zaidi ya kupoza, nyingi zina kinga ya kutu na zinalainisha sili ya wotapampu, vitu ambavyo maji matupu hayakupi. Kama una kulanti nzuri umechanganya sawasawa, sioni cha kuilipia. Na angalia usichukue ile ya kuziba rejeta inayovuja, zinakaa shelfu moja na chupa zinafanana, ile ina vitu vya kuganda, kwenye rejeta iliyokwisha kuziba nusu unaenda kuimalizia.

Pasaka nimepanda tena Kitonga, watu wale wale, mama siti ya nyuma, na tukakuta foleni ya malori ndefu kuliko ya Desemba. AC sikuzima. Nilisimama juu kabisa nikafungua boneti nikapiga kwenye utepe ule ule mweusi, 94, na feni unaisikia inavuta mpaka majani ya pembeni yanacheza. Mama akauliza kuna nini tena, nikamwambia hamna kitu mama, napima tu, tukaendelea Ilula.