Sanitaiza ya pampu kwa wodi ya majeruhi wa maafa: nyota 4

Nimeitumia hii ya lita moja, alkoholi asilimia 80, kwenye wodi iliyojaa watu waliotolewa kwenye kifusi na kwenye maji ya mafuriko, naipa nyota 4 kati ya 5 na hiyo moja nimeibania kwa sababu.

Uzuri wake ni kasi. Unapaka, unasugua mpaka kwenye vidole gumba, sekunde 20 hadi 30 imekauka, ina glisarini kwahiyo ngozi haipasuki. Wodi ya maafa vitanda vimebanana, nesi mmoja wagonjwa kibao, maji mara yapo mara hayapo, nani ataenda kwenye sinki kila akimgusa mtu? Wadudu wa hospitali wanahama kitanda hadi kitanda kwa mikono yetu sisi wenyewe. Tetemeko la Marmara, Uturuki, 1999, kuna majeruhi waliopata bakteria aitwaye Acinetobacter wakiwa wamelazwa tayari, huyo mdudu antibayotiki nyingi zinamshindwa lakini alkoholi inamuua. Ila pampu ikae kila kitanda, ikiwekwa mlangoni tu inageuka pambo.

Sasa hiyo nyota moja. Mikono ina tope au damu? Nawa kwa sabuni, alkoholi hapo haifui dafu. Na spora (bakteria waliojifungia kwenye ganda gumu) haiziui, wakati za pepopunda zipo kwenye udongo uleule ulioingia kwenye kidonda, yaani mgonjwa anafika nazo. Aceh, Indonesia, baada ya tsunami ya Desemba 2004 waliripotiwa wagonjwa wa pepopunda 106. Joplin, Marekani, kimbunga cha 2011, watu 13 walipata fangasi ndani ya vidonda na 5 wakafa. Haya hayazuiwi na chupa. Kidonda kioshwe kwa maji safi mengi, nyama iliyokufa ikatwe, mgonjwa apewe kinga ya pepopunda, na kikiwa kichafu kisishonwe siku hiyohiyo, kinaachwa wazi siku kadhaa kikiangaliwa afu ndo kinafungwa. Ndugu wa mgonjwa wanapenda sana kidonda kishonwe haraka eti ndo kutibiwa, waelezeni mapema.

Na jamani kuna watu wanaimimina kidondani kabisa!! Inaunguza nyama nzima, acheni.

Ikibaki kidogo msiongezee juu yake, osheni chupa ikauke ndo mjaze. Isikae karibu na jenereta wala jiko, inashika moto fasta.