Miezi tisa baada ya kupunguza mdomo wa chini

Nianze na siku ya tatu, maana ndiyo siku niliyojuta. Niliamka alfajiri nikaenda moja kwa moja kwenye kioo, na mdomo nilioukuta pale ulikuwa mkubwa kuliko ule niliokwenda kuupunguza kwa upasuaji. Umebetuka, unang'aa, na kwa ndani nyuzi nyeusi zinachungulia kama miguu ya mdudu. Nikakaa kitandani nikalia, na kulia kwenyewe kukauma. Daktari alikuwa amenieleza wazi kwamba uvimbe hupanda hadi siku ya pili au ya tatu ndipo uanze kushuka. Nilimsikia vizuri tu. Ila kusikia si kuona.

Mdomo wangu wa chini umekuwa mnene tangu utotoni, wa juu ni wa kawaida. Shuleni nilipewa majina ambayo sitayarudia hapa. Majina nilishayazoea, lililonisumbua ukubwani ni kwamba mdomo haukufunga wenyewe nikiwa nimetulia. Ilibidi niubane makusudi, kidevu kinajikunja kama ganda la chungwa, na jioni misuli ya pale imechoka. Nikilala nadondosha mate. Najua wapo wanaodungwa filla, zile sindano za kujaza midomo, kila baada ya miezi kadhaa ili wapate midomo kama niliyokuwa naikimbia mimi, na sina neno nao. Kila mtu na kioo chake.

Nilikwenda sehemu mbili. Ya kwanza nilipangiwa tarehe na mtu wa mapokezi kabla sijamwona daktari. Daktari mwenyewe aliponiona, alinitazama kwa dakika chache akasema atapunguza yote miwili, wa juu na wa chini. Wa juu nilikuwa sijaulalamikia hata kidogo. Sikurudi tena.

Daktari wa pili alinichukulia muda. Alinitaka nikae kimya, nitabasamu, nicheke kwa nguvu, nihesabu mpaka 10, huku akinitazama kwa mbele na kwa ubavuni. Alinipima na meno, kwa sababu kuna watu ambao mdomo wao hauna tatizo lolote: meno ndiyo yamesogea mbele yakausukuma, na anayewafaa ni daktari wa kupanga meno. Akaniuliza kama mdomo huwa unavimba na kurudi, na kama natumia dawa za presha. Nilishangaa presha inahusiana nini na midomo. Kumbe kuna aina ya dawa za presha ambazo kwa baadhi ya watu huvimbisha midomo, na hapo dawa ni kubadilishiwa dawa, si kisu. Akauliza kama niliwahi kudungwa filla. Filla ya asidi ya hayaluroni huyeyushwa kwa sindano nyingine, hakuna haja ya kukatwa. Akauliza kuhusu keloidi (makovu yanayovimba na kukua), sigara, na malengelenge ya mdomo. La mwisho hilo nilitaka kulificha kwa aibu, lakini nashukuru nilisema: jeraha la mdomoni linaweza kuyaamsha, kwa hiyo nilianzishiwa dawa za kuyazuia kabla ya siku yenyewe. Aspirini na ibuprofeni niliambiwa niache wiki mbili kabla, kwa sababu zinaongeza damu kutoka.

Tulibishana kitu kimoja tu, kipimo. Mimi nilikwenda na picha kwenye simu, mdomo mwembamba wa mtu ambaye uso wake haufanani na wangu hata kwa bahati mbaya. Nikamwambia akate mpaka ufike hapo. Akakataa. Akanionyesha kwa kidole ule mstari ambapo sehemu kavu ya mdomo, ile inayopakwa rangi, inakutana na utando wa ndani wenye unyevu. Mkato hupita nyuma kidogo ya mstari huo ili kovu lijifiche ndani. Kinachotolewa ni kipande kirefu cha utando, chenye umbo la kipande cha chungwa, pamoja na nyama kidogo na vitezi vya mate vilivyo chini yake. Msuli wenyewe unaachwa, kwa kuwa ndio unaofunga kinywa. Kinachobaki kikishonwa, mdomo unajiviringisha kuingia ndani na unaonekana mwembamba kwa nje. Ukizidisha, unaviringika mno, meno ya chini yanabaki nje na mdomo unakosa pa kujifungia. "Nikikata kidogo nitaweza kuongeza," aliniambia. "Nikikata kingi sina pa kukirudisha." Niliondoka nimenuna. Leo hiyo ndiyo sababu kubwa ya mimi kumsifu.

Upasuaji wenyewe ulikuwa mfupi kuliko nilivyodhani, kama saa moja hivi, na sikulazwa usingizi. Alichora kwanza kwa kalamu kabla ya sindano yoyote, kwa sababu dawa ya ganzi ikishaingia mdomo unajaa na vipimo vinapotea. Sindano ya kwanza inaingia ndani ya mdomo, chini ya fizi, pale ambapo mshipa wa fahamu wa kidevu unatokea. Sitadanganya, hiyo inauma, ila ni kwa sekunde chache. Baada ya hapo nilihisi kuvutwa na kusukumwa tu, bila maumivu. Kitu ambacho hakuna aliyenitahadharisha ni harufu: kuna kifaa cha umeme cha kuchoma vimishipa ili damu isitoke, nacho kinafuka inchi mbili tu kutoka puani pako. Vuta pumzi kwa utulivu, itapita.

Ukitoka hapo mdomo bado umekufa ganzi kwa saa kadhaa, na hapo ndipo pa hatari kwa mtu mwenye njaa. Unaweza kujitafuna bila kujua. Mimi nilisubiri mpaka nikahisi ulimi ukigusa mdomo ndipo nikanywa uji uliopoa, kwa kijiko. Mrija ulikatazwa kabisa, kufyonza kunavuta nyuzi. Barafu niliifunga kwenye kitambaa, dakika 10 naweka, naondoa, kwa sababu ngozi isiyohisi inaungua kwa baridi bila taarifa. Nililala nimeinua kichwa kwa mito miwili. Kila baada ya kula nilisukutua kwa dawa niliyopewa, na mswaki nikatumia wa mtoto, ule mdogo.

Maumivu, ajabu, hayakuwa tatizo. Dawa za kawaida za kutuliza zilitosha, na siku ya nne nikaziacha. Tatizo lilikuwa miayo. Hujui unapiga miayo mara ngapi kwa siku mpaka kila mmoja ukuvute mshono. Na kuongea! Herufi b, p na m zinataka midomo ikutane, yangu ilikuwa inakutana kama milango miwili iliyopinda. Mpwa wangu alinilazimisha niseme "pilipili", ikatoka "filifili", akagaragara chini kwa kicheko. Nami nilitaka kucheka, nikazuia kwa mkono.

Nyuzi zangu nyingi ziliyeyuka zenyewe, mbili zilizokaidi zikatolewa siku ya tisa. Baada ya wiki mbili nilirudi kazini, na asiyenijua asingegundua kitu. Wengi wanaosimulia habari hizi huishia hapo, na hapo ndipo wanapokosea, kwa sababu kipindi kilichonitesa akili ndiyo kwanza kilikuwa kinaanza.

Kuanzia wiki ya tatu mdomo ulikuwa mgumu. Nje unaonekana sawa, lakini ndani ukipitisha ulimi unakuta kamba ngumu ya kovu kutoka upande hadi upande, na tabasamu langu likawa la mtu anayetabasamu kwa kulazimishwa. Upande wa kushoto ulibaki mnene kuliko wa kulia. Nilipiga picha kila asubuhi nikazilinganisha na kupima kwa rula. Nilimtumia daktari picha nyingi mno, nilimwandikia mpaka saa 5 usiku nikidai anirekebishie upande ule. Alijibu kila mara kwa uvumilivu kwamba hagusi kitu kabla ya miezi sita, na kwamba niusugue mdomo taratibu kwa kidole safi, dakika chache asubuhi na jioni, sasa kwa kuwa kidonda kimefunga. Mwezi wa tatu kamba ilianza kulainika. Mwezi wa tano nikagundua kwamba nina wiki nzima sijapima. Kushoto na kulia vilikuwa vimekaribiana; ukiwa na rula utaona tofauti, na mimi rula nimeirudisha kwa mwenyewe.

Jambo jingine: mdomo hukauka. Miezi ya mwanzo ulikuwa unachubuka kama ganda la kitunguu. Nilitembea na mafuta ya mgando mfukoni. Sasa umezoea.

Matokeo? Kama ungeniona kabla na baada, huenda ungeniambia hakuna tofauti kubwa, na ni kweli. Ni milimita chache tu. Lakini mdomo unafunga wenyewe. Nikiwa nimekaa nasoma, kidevu kimetulia, sikibani. Mto hauloi. Uso ni uleule wa ukoo wetu, na yule mtu wa kwenye picha niliyokwenda nayo sikufanana naye hata kidogo, nami nimeshaifuta.

Ningempa daktari wangu nyota tano. Maelezo niliyopewa ya kwenda nayo nyumbani nayapa tatu: karatasi nzima ya chakula na usafi, na sentensi moja tu kuhusu miezi inayofuata wiki ya pili. Mstari mmoja kuhusu ile kamba ya kovu ungeniokoa usiku mwingi.

Ganzi iliyobaki mdomoni baada ya ile ya sindano kuisha nayo ilirudi nyuma polepole, ikianzia pembeni kuelekea katikati. Imebaki sehemu moja ndogo, kama punje ya mchele, kulia kidogo ya katikati. Nikila, kitu kikibaki pale sijui. Dada yangu hukaa mbele yangu mezani siku hizi na hugusa kidevu chake mwenyewe mara mbili, nami najifuta.