Bluebell Railway, Sussex, Uingereza: stesheni za tawi lililofufuliwa

Reli hii ya Lewes hadi East Grinstead ilifunguliwa 1882, ikafungwa kabisa 1958. Wapenzi wa reli walianza kuendesha treni za mvuke kwenye kipande chake 1960.

Stesheni ya kushuka ni Horsted Keynes. Majukwaa yake ni mengi mno kwa kijijini, maana tawi la Ardingly liliungana hapo hadi 1963. Sheffield Park, yenye karakana ya injini, imerudishwa katika mwonekano wa enzi za Malkia Victoria.

Anzia East Grinstead, inakofika treni ya kawaida ya London; stesheni ya Kingscote haina maegesho ya magari. Kipande cha East Grinstead kilikamilika 2013 tu: reli ilipopasua kilima palikuwa pamejazwa takataka za majumbani, ikabidi zichimbuliwe na kusombwa, nyingi kwa treni.