Kuzibwa meno bila mashine: uzoefu wangu na binti yangu wa miaka mitano

Binti yangu alizibwa magego mawili Machi mwaka jana, katika kitengo cha kinywa na meno cha hospitali moja ya wilaya hapa Dar es Salaam. Hakukuwa na mashine, hakuchomwa sindano ya ganzi kwa meno hayo, na hakulia. Ziba moja iko imara mpaka leo. Ya pili ilimeguka baada ya miezi minane, tukarudi. Gego la tatu halikuokoka, liling'olewa. Nimeishi na matokeo haya kwa muda wa kutosha, na kila nikimsimulia mzazi mwenzangu huniuliza maswali yale yale, ndiyo maana nimeamua kuandika.

Kosa letu lilianzia duka la dawa. Mume wangu amezaliwa Arumeru, upande wa Maji ya Chai. Wanaolijua eneo lile watanielewa haraka: maji ya chemchemi na visima kuzunguka Mlima Meru yana madini mengi ya floridi, na watoto wanaokua wakiyanywa huota meno ya kudumu yenye madoa ya kahawia ambayo hakuna mswaki unaoyatoa. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floridi kwa lita. Kule kuna vyanzo vinavyozidi hapo mara kadhaa. Ngurdoto kuna kituo cha utafiti kinachoshughulika na kuondoa floridi kwenye maji, na njia mojawapo wanayotumia ni kuyachuja kwa mkaa wa mifupa. Mume wangu akicheka huziba mdomo kwa kiganja. Nilipoanza kumfahamu nilidhani ni haya ya kijana tu. Baadaye nikaelewa kwamba tangu shule ya msingi watu wamekuwa wakimuuliza kama anavuta sigara.

Kwa hiyo mtoto alipoota jino la kwanza, baba yake alisema floridi haitaingia kinywani mwa mwanawe. Nikamkubalia kwa moyo wote. Nikawa nanunua dawa ya meno ya watoto iliyoandikwa kwamba haina floridi, tena kwa bei ya juu kuliko ya kawaida, na nikaona nimemtendea mema. Hatukufikiria kwamba tunaishi Tabata, tunakunywa maji ya bomba yatokayo Mto Ruvu, na mtoto wetu hajawahi kunywa maji ya Meru zaidi ya wiki mbili za likizo.

Juu ya hayo, chupa ya maziwa yenye sukari alilala nayo mpaka miaka miwili na nusu. Uji wake wa lishe niliutia sukari. Shuleni ni juisi ya boksi na biskuti, akirudi chai ya maziwa, jioni tena biskuti mbili ili anyamaze nipike. Sikumpa pipi, na kwa sababu hiyo nilijihesabu kuwa mama makini.

Maumivu yalianza akiwa na miaka mitano na miezi kidogo. Kwanza alikuwa akitafunia upande mmoja. Kisha akawa anaamka saa nane za usiku akiwa ameshika shavu. Nilimpa dawa ya maumivu ya maji. Bibi yake akashauri karafuu, tukaiponda na kuiweka kwenye tundu. Ilimtuliza kama nusu saa, akaamka tena. "Mwanangu," mama mkwe aliniambia, "hayo ni ya utoto, yataanguka yenyewe, usimtese mtoto kwa madaktari." Alisema kwa upendo kabisa. Na mimi niliipenda kauli ile kwa sababu ilinipa ruhusa ya kusubiri. Nikasubiri wiki tatu, na wiki hizo tatu ndizo zilizogharimu lile gego la tatu.

Tulienda kwanza kwenye kliniki moja ya binafsi. Sitaitaja. Mtoto alilazwa kwenye kiti, mashine ikawashwa kabla hajaambiwa ni nini, msaidizi akaniambia nimshike mikono. Alipiga kelele mpaka akatapika. Daktari akasema basi, yote matatu yang'olewe siku nyingine akiwa amelazwa usingizi, na akanipa makadirio ya gharama ambayo sikuwa nayo. Tuliondoka mtoto akiwa anatetemeka, na kwa siku kadhaa hata mswaki hakutaka kuuona.

Jirani yangu, ambaye ni muuguzi, ndiye aliyenielekeza hospitali ya wilaya. Tulifika saa moja asubuhi, tukaonwa saa nne. Foleni ndiyo kasoro ya kwanza ninayoitaja: nendeni na kitu cha kumshughulisha mtoto, na mpeni chakula kabla ya kutoka nyumbani.

Tabibu wa meno aliyetupokea ni mama mtu mzima. Binti yangu alimwamkia kwa sauti ya chini, akamjibu "Marahaba, mjukuu wangu," kisha akampa kioo kidogo ashike mwenyewe. Dakika kama kumi za mwanzo hakumgusa. Alimuonyesha vifaa kimoja kimoja: kioo, kijiko kidogo cha kuchotea uozo, na kifaa mfano wa patasi ndogo ya kupanulia tundu. Akamkwaruza nacho kwenye ukucha ili ajue kinavyohisi. Hivyo tu.

Kisha akanigeukia mimi na swali ambalo sikuwahi kuulizwa: "Mama, linauma akila kitu kitamu au cha baridi tu, au linauma lenyewe, hata usiku?" Akaniambia hapo ndipo njia inapogawanyika. Jino linalouma likiguswa na kitu kitamu na kutulia mara moja, mara nyingi bado linazibika. Jino linalomwamsha mtoto lenyewe, au lenye kijipu cha usaha kwenye fizi, ujue uozo umeshafika kwenye kiini chenye mshipa wa fahamu, na kuziba juu yake ni kufungia moto ndani ya nyumba. Gego la chini kulia lilikuwa limefika huko. Mawili mengine yalikuwa yametoboka, ila kiini kilikuwa bado salama.

Aliyaziba hayo mawili siku ile ile. Alizungushia pamba ili jino likae kavu, akapanua mdomo wa tundu kwa ile patasi, kisha akachota uozo laini taratibu kwa kijiko. Nilikuwa nimemshika mwanangu mguu, naona vidole vyake vimelegea, nikajua haumii. Baada ya kusafisha alichanganya unga na maji yake maalumu kwenye karatasi, ukawa kama ute mzito mweupe, akaujaza kwenye tundu, akapaka vaselini kwenye kidole chenye glavu na kukandamiza kwa nguvu kwa muda. Akamng'atisha karatasi ya rangi kuona kama ziba imezidi kimo, akaparua kidogo palipozidi. Tukaambiwa asile kwa saa moja. Kila jino lilichukua kama dakika 20.

Nilimuuliza kama njia hii ni ya dharura, ya hospitali zisizo na umeme. Akatabasamu na kuniambia kwamba imezaliwa hapa hapa kwetu. Nilipofika nyumbani nikatafuta, ni kweli. Katikati ya miaka ya 1980, mpango wa afya ya kinywa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliokuwa ukiwafuata wananchi vijijini ulikwama kwa mashine zisizo na umeme wala maji, wakaanza kusafisha meno yaliyotoboka kwa vifaa vya mkono na kuyaziba. Kazi hiyo ilikua mpaka Shirika la Afya Duniani likaitangaza njia hiyo katika Siku ya Afya Duniani, tarehe 7 Aprili 1994. Mwaka 2021 shirika hilo hilo liliingiza saruji hii ya kuzibia, iitwayo glasi ayonoma, kwenye orodha yake ya dawa muhimu, pamoja na dawa ya meno yenye floridi. Niliposoma hayo niliumia. Nilikuwa tayari kukopa fedha ili mwanangu alazwe usingizi ang'olewe meno matatu, na jibu lilikuwa limefanyiwa kazi nchini mwangu kabla sijazaliwa.

Sasa matokeo. Ziba ya gego la juu, ambayo tundu lake lilikuwa juu ya jino tu, haijasogea kwa mwaka mmoja na nusu. Imechakaa kidogo, rangi imekuwa ya njano hafifu, basi. Ziba ya gego la chini kushoto, ambalo uozo ulikuwa umekula juu na ubavuni, ndiyo iliyomeguka akitafuna muwa. Tabibu alikuwa ameshanionya: tundu la upande mmoja hudumu, tundu la pande mbili au zaidi hubanduka mapema. Aliirudia kwa robo saa na tukalipia upya. Mzazi anayetaka kitu cha kudumu bila kurudi, ajue hilo kabla. Kwangu mimi jino lile linatakiwa lisukume maisha mpaka mtoto afike miaka kumi au kumi na mbili, na kurudia mara moja si neno.

Gego lililooza mpaka ndani liling'olewa, hapakuwa na ujanja. Siku hiyo alichomwa ganzi, akalia wakati wa sindano, akanyamaza. Kilichonisikitisha ni alichonieleza tabibu baadaye: magego ya utoto huwekea nafasi meno ya kudumu yatakayoota chini yake. Likitoka mapema mno, majirani huegemea pengo, na jino la kudumu likija linakuta njia imebanwa. Hivyo lile "yataanguka yenyewe" ni kweli kwa meno ya mbele akiwa na miaka sita au saba. Kwa magego ni kusubiri miaka mitano mingine na mtoto analala na maumivu.

Gharama: kwa kuziba mawili, kung'oa moja na kumuona daktari, nililipa chini ya nusu ya nilichotajiwa kule kliniki ya kwanza.

Kuhusu floridi, tabibu alizungumza na mume wangu mwenyewe, nami namshukuru kwa heshima aliyompa. Hakumwambia hofu yake ni ya kijinga. Alimweleza kwamba madoa yake yalitokea wakati meno yake ya kudumu yakiumbwa ndani ya taya, kwa kumeza floridi nyingi kwenye maji kila siku, miaka mingi. Dawa ya meno kidogo, inayopakwa na kutemwa, hufanya kazi juu ya jino lililokwisha kuota: hulikaza lisiliwe na tindikali. Kinachotakiwa ni kupima kiasi. Chini ya miaka mitatu, kiasi cha punje ya mchele. Miaka mitatu mpaka sita, punje ya njegere. Si ule mstari mrefu wa kwenye matangazo. Na kwa familia iliyoko Meru yenyewe, la kwanza kuhangaikia ni maji ya kunywa ya mtoto. Siku hizi tunasoma ubavu wa boksi: tunataka floridi kati ya 1,000 na 1,500, pale palipoandikwa ppm, yaani sehemu kwa kila milioni.

Mengine tuliyobadilisha nyumbani ni machache, ila yamebeba kazi kubwa. Nampiga mswaki mimi mwenyewe, yeye ameegemea kifuani kwangu, kwa sababu mkono wa mtoto wa umri huu haufiki nyuma. Tabibu alisema niendelee mpaka miaka saba au nane. Asubuhi tukiwa na haraka tunafupisha, usiku hatufupishi kamwe, kwani mtu akilala mate hupungua na kinywa hubaki bila mlinzi. Akimaliza anatema, hasukutui kwa maji. Hili lilinichukua muda kulizoea, sisi tumelelewa kusukutua mpaka povu liishe, kumbe unaisukutua dawa yenyewe. Vitu vitamu havijaondoka nyumbani, ila vinaliwa pamoja na mlo. Kilichokuwa kinamla meno ni ile kudonoa tangu asubuhi mpaka jioni, kinywa hakipati nafasi ya kutulia.

Mwezi uliopita, nikimpiga mswaki, niliona weupe mpya nyuma kabisa ya magego ya chini. Hakuna jino lililoanguka kulipisha. Kama nisingekuwa nimeambiwa, ningedhani ni gego jingine la utoto. Ni gego la miaka sita, la kudumu, ndilo atakalozeeka nalo, na linaota kimya nyuma ya foleni likiwa na mifereji mirefu inayohifadhi chakula. Tabibu anasema akilipata mapema anaweza kuifunika mifereji hiyo kwa saruji ile ile, kwa kidole kile kile cha vaselini, kabla uozo haujaanza. Tumepangiwa Alhamisi. Binti yangu ameomba aende na kioo chake mwenyewe.