Darasa la kusuka vikapu Mji wa Kale, kwa anayeanza kabisa

Yaani kama unataka kujifunza kusuka kwa mkono na hujawahi hata kushika chane, ule ukanda mwembamba wa jani wa kusukia, nenda kwa huyu bibi hapa Mji wa Kale, anafundisha kibarazani kwake. Anakuanzisha na pakacha la makuti mabichi, hilo ni rahisi, halafu ndo mnaingia miyaa, yale majani ya kusukia mikeka. Hapo ndo raha yenyewe, chane lazima ziwe na unyevu kidogo la sivyo zinakatika ukizikunja, na kila moja ikikaribia kuisha unachomeka nyingine ndani ili ukili, yaani ule mkanda unaousuka, usiache shimo. Mimi nilikua najua kikapu kinasukwa chote kwa pamoja, kumbe unasuka ukili mrefu kwanza, kisha unaushona kwa sindano ukiuzungusha kuanzia kitako. Bibi anapitisha kidole kwenye ukili wako akisikia umelegea anakwambia fumua mwanangu, na kweli ukirudia unaona tofauti, maashallah ana subra sana. Ila muda ni mfupi, kushona tulionyeshwa haraka haraka na vikapu tukamalizia nyumbani, angeongeza siku moja ya kushona tu, hata ada ikipanda mimi nalipa.