Tiyo la matundu: miezi 14 chini ya grini

Nimechunga majani ya gofu tangu nilipoacha kubeba mifuko ya wachezaji, na miaka yote hiyo adui wangu hajabadilika: maji ya mwezi wa kwanza. Hapa Lubumbashi mvua inaanza kuchokoza mwezi wa kumi, inakomaa Desemba na Januari, kisha mwezi wa tano anga linafunga. Grini, kile kiwanja cha nyasi fupi chenye shimo la mpira, inaogelea Januari, na ile ile Agosti inapasuka kama kisigino.

Tiyo ninaloliongelea, yaani bomba la kutoa maji chini ya grini, nililinunua mwezi wa tisa mwaka jana, kwa ajili ya mzee mmoja mwenye grini mbili za mazoezi nyuma ya nyumba yake, mtaa wa Golf hapa mjini. Ni lile jeusi la plastiki, lenye mikunjo kama koromeo la ng'ombe, na vitundu vyembamba kila penye bonde la mkunjo. Upana milimita 100, roli la mita 50. Nililipa dola 70, baada ya muuzaji kuniita papa, yaani baba, mara kumi na kugoma kushuka mara tisa.

Kwa kazi, ni tiyo zuri. Kijana mmoja analibeba kichwani, kisu cha jikoni kinalikata, linafuata kona bila kuomba kiungo. Matundu yako pande zote, kwa hiyo halina juu wala chini, tofauti na yale magumu yenye matundu upande mmoja ambayo lazima uyalaze yakitazama ardhini. Shida ni asubuhi: likiwa na baridi linajikunja kama nyoka aliyekanyagwa. Tuliliacha juani saa mbili nzima, likalegea, ndipo likakubali kulala mtaroni.

Malalamiko yangu ni soksi. Roli liliuzwa limevishwa kitambaa cheupe, na muuzaji alikisifia kama anaposa: kinachuja udongo, papa, tiyo halizibi maisha yote! Moyo ulinisita, nikafanya jaribio. Grini ya kwanza nikalaza tiyo na soksi yake. Ya pili nikaivua, tiyo likalala uchi ndani ya changarawe iliyooshwa. Mengine yote sawasawa: mitaro isiyoachana zaidi ya mita 5, mteremko wa sentimita 1 kila mita 2, ambao tuliupima kwa lile bomba jembamba la waashi linaloonyesha maji ndani. Juu ya changarawe, sentimita 30 za mchanga.

Ikaja mvua kubwa ya Januari, ile inayonyesha mchana mmoja mpaka huoni ukuta wa jirani. Grini ya pili ilimeza maji kabla sijamaliza chai. Ya kwanza ikabaki dimbwi hadi kesho yake. Mzee akasimama na fimbo yake pembeni, ananitazama. Sheria za gofu zinamruhusu mchezaji kuhamisha mpira kutoka kwenye maji ya muda bila adhabu, lakini yeye hakunilipa ili ahamishe mipira.

Februari nikafukua. Soksi ilikuwa imeshika utando mwekundu, mgumu, kama ukoko wa bukari, ugali wetu, chini ya sufuria. Nikaukwangua kwa ukucha, nyuma yake tiyo lilikuwa safi na kavu. Kitambaa kilichuja kweli. Kilichuja mpaka maji yenyewe. Haki niiseme, sehemu ya kosa ilitoka kwetu: kijana wangu alijazia kipande cha mtaro kwa udongo wa kichuguu, ule ule wanaofyatulia matofali. Udongo unaofaa kwa tofali hauna kazi juu ya tiyo. Lakini hata pale alipojazia vizuri soksi ilikuwa imeanza kuziba.

Jambo lililonishangaza mimi mwenyewe lilikuja wakati wa kiangazi. Nilidhani grini inayokausha haraka Januari itakufa kiu Julai. Haikufa. Maji hayashuki ovyo kutoka mchanga mwembamba kwenda changarawe. Yananing'inia mchangani mpaka yazidi, ndipo yanaachia. Kwa hiyo ukimwagilia kwa kiasi, mizizi inakuta akiba.

Matunzo yake si mengi. Mwezi wa tano nafungua mdomo wa tiyo kule linakomwaga, napitisha maji ya mpira mpaka yatoke meupe. Pale mdomoni weka wavu wa waya. Mimi sikuweka, nikatoa chura watatu. Juni na Julai usiku ni baridi, ukoka unalala, usiuguse kwa uma. Ngoja mwezi wa tisa uanze kuchipua, ndipo utoboe, usugulie mchanga mkavu kwenye matundu kwa ufagio, mvua ikute milango wazi.

Tiyo ninalipatia nyota nne. Soksi, hata moja sitoi. Kipande kilichobaki nimekichana vitambaa, mke wangu anafungia nyanya zake kwenye vijiti.

Wiki iliyopita nimerudi kwa muuzaji yule yule kuchukua roli la kufufua grini ya kwanza. Nikamwambia alivue soksi kabisa, apunguze bei. Akaanza kuivuta taratibu, huku anacheka.

"Papa, soksi inatoka. Bei haitoki."